Trekta ndogo iliyosahauliwa: soma oili ya zamani kabla ya kutia mpya

Umenunua trekta ndogo iliyotumika, au umeirithi, au ni yako mwenyewe na imepitisha misimu mitatu bila kubadilishwa oili. Injini inawaka, jembe linanyanyuka, unaona mambo shwari. Mita ya saa, ile inayohesabu saa ambazo injini imefanya kazi, haikusaidii hapa, maana hakuna anayejua oili iliyomo ilitiwa mita ikisoma ngapi. Chukulia kwamba haijawahi kubadilishwa.

Wengi wakifika hapo hununua madumu ya oili na kumwaga kila kitu siku hiyohiyo. Subiri kidogo. Oili ya zamani ndiyo shahidi wa yaliyoipata mashine, na ukishaimwaga umempoteza. Tafuta chupa nne zinazopitisha mwanga, kavu kabisa, uziandike: injini, giaboksi, ekseli ya mbele, rejeta. Kila unapomwaga, kinga kidogo ukiache kitulie usiku kucha. Asubuhi utaona kama kuna maji yaliyojitenga chini au vumbi la chuma lililotuama.

Kwa injini, simamisha trekta pahali tambarare, zima, subiri dakika kadhaa ndipo uchomoe kijiti cha kupimia. Weusi si ugonjwa. Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi baada ya saa chache tu za kazi, kwa kuwa inabeba masizi. Kinachotisha ni kiwango kupanda bila mtu kuongeza. Ikiwa nyepesi na inanuka dizeli, noseli (inayonyunyizia dizeli kwenye silinda) au pampu ya dizeli inavujia ndani. Ikigeuka nyeupe kama maziwa, maji ya rejeta yanaingia, mara nyingi kupitia gasketi ya silinda hedi. Kwa dalili hizo mbili usiwashe tena mpaka fundi aione.

Kama ni chafu tu, pasha injini moto kidogo, imwage ingali vuguvugu, badilisha na filta. Hakikisha raba ya filta ya zamani haikubaki imeganda kwenye injini, kwani raba mbili zikikutana oili itavuja yote kwa muda mfupi. Raba mpya ipake oili, kisha kaza kwa mkono. Trekta ndogo nyingi hubadilishwa oili ya injini kila saa 100 hadi 200, lakini hii yako usiipe muda huo. Mwaga tena baada ya saa 20 au 30, kwa sababu oili mpya itakuwa imelainisha uchafu uliogandamana kwa miaka.

Utasikia kwamba mashine iliyozoea oili chafu ikitiwa safi itaanza kuvuja. Ni kweli wakati mwingine, lakini sili (raba inayozuia oili isitoke) ilikuwa imeshakufa na tope ndilo lililoziba nafasi yake. Badilisha sili.

Sasa giaboksi, na hapa ndipo pesa nyingi huharibikia. Katika trekta ndogo nyingi, oili ileile inalainisha gia na difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili), inasukuma haidroliki inayonyanyua jembe, na inapoza breki zilizozama ndani yake. Kwa hiyo usitie oili yoyote nene uliyonayo stoo. Pampu itashindwa kuivuta, na breki zitapiga kelele au kushika kwa kushtuka. Fuata aina iliyotajwa kwenye mwongozo wa trekta yako, hasa kama inaendeshwa kwa pedali ya haidrostati isiyo na gia za kubadilisha.

Adui mkubwa wa oili hii ni maji. Huingia kupitia raba iliyopasuka chini ya mkono wa gia, kifuniko kilichopotea, au mvuke unaogeuka maji ndani ya mashine inayowashwa dakika chache na kuzimwa kabla haijapata joto. Dondosha tone moja kwenye kipande cha chuma kilichopashwa moto. Likichachatika, lina maji. Ziba kwanza njia yanakoingilia, la sivyo unatupa oili mpya bure.

Kumwaga mara moja hakutoshi, kwani oili chafu hubaki kwenye silinda ya kunyanyulia na pembe za giaboksi. Fungua nati zote za kumwagia (mara nyingi ni zaidi ya moja), osha chujio la wavu la upande wa kuvuta kama lipo, badilisha filta, tia oili sahihi, fanya kazi nyepesi saa chache, halafu mwaga tena. Wapo mafundi wanaosafishia kwa dizeli. Mimi siwaungi mkono, kwani pampu ya haidroliki hulainishwa na oili hiyohiyo.

Tazama na sumaku ya nati ya kumwagia. Uji laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ni jino la gia au beringi inayomeguka. Ukishajaza, washa kwa mwendo wa chini, nyanyua na teremsha mikono ya nyuma mara kadhaa, zungusha usukani pande zote mbili, zima, pima upya. Kiwango kitakuwa kimeshuka.

Ekseli ya mbele ya trekta inayovuta kwa magurudumu manne kwa kawaida ina oili yake peke yake, na ndiyo husahauliwa kuliko zote. Fungua kwanza nati ya kujazia, kisha ya kumwagia. Ukianza na ya chini halafu ya juu ikagoma kwa kutu, umebaki na ekseli tupu. Angalia pia chini ya kila gurudumu, kwani mara nyingi kuna nati ya kumwagia pande zote mbili.

Rejeta usiifungue ikiwa ya moto. Maji ya kutu yasafishe, kisha tia kipoozeo kilichochanganywa na maji yaliyotoneshwa, si maji ya kisima. Kwenye dizeli, mwaga maji yaliyo chini ya kikombe cha filta, badilisha filta, toa hewa iliyoingia kwenye njia ya dizeli kabla ya kuwasha.

Andika kwa rangi juu ya kila filta saa zilizosomeka siku ya kuifunga, na peleka oili chafu kwa wanaoikusanya, si mtaroni. Zikipita saa 30, kinga chupa nyingine ya giaboksi uiweke kando ya ile ya kwanza dirishani. Ikiwa bado ina ukungu, mwaga tena.