Jinsi ya Kulinganisha Ndege ya Moja kwa Moja na Ile ya Kituo Kimoja kwa Safari Ndefu ya Gharama Nafuu

Anayetafuta tiketi ya safari ndefu kwa fedha kidogo huletewa orodha iliyopangwa kwa nauli, na mara nyingi inayotangulia ni ya safari inayokatizwa kwa kutua mahali fulani na kupanda ndege nyingine. Tofauti ya nauli huonekana papo hapo, lakini gharama zinazoandamana nayo hazionekani. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzipima safari hizo mbili, ile isiyotua njiani na ile ya kuunganisha ndege mara moja, kwa kuanza na nauli, kisha saa, na hatimaye swali ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko mengine yote: iwapo ndege ya kwanza itachelewa na ya pili ikaondoka, gharama itakuwa ya nani?

Ni vyema kujua kwanza kwa nini kituo hushusha nauli, kwa kuwa sababu yenyewe haiko pale wengi wanapodhani. Kutua na kuruka tena si rahisi kwa shirika la ndege. Kuna ada za uwanja, mafuta ya kupaa mara ya pili, na wahudumu wa zamu nyingine. Kinachoshusha bei ni ushindani. Kati ya miji miwili iliyo mbali, huenda ni shirika moja au mawili tu yenye ndege ya moja kwa moja, ilhali mengine mengi yanaweza kumfikisha abiria yule yule kwa kupitia Doha, Dubai, Istanbul, Addis Ababa au Frankfurt. Mashirika hayo humwomba abiria apoteze saa kadhaa za maisha yake, na kitu pekee yanachoweza kumpa badala yake ni punguzo.

Safari zilizo ndefu kupita kiasi zina sababu ya ziada. Ndege inayoruka saa 17 au 18 hubeba mafuta mengi mno, na sehemu ya mafuta hayo huteketea kwa kubeba uzito wa mafuta yenyewe. Singapore Airlines ilianzisha safari ya moja kwa moja kati ya Singapore na Newark mwaka 2004, ikaisitisha mwaka 2013, kisha ikairejesha Oktoba 2018 kwa ndege aina ya Airbus A350-900ULR yenye viti 161. Viti hivyo vyote ni vya daraja la biashara au la kawaida lililoboreshwa. Cha daraja la kawaida lenyewe hakuna hata kimoja. Mwenye bajeti ndogo anayesafiri kwa njia hiyo hana la kulinganisha na ndege hiyo, na aende moja kwa moja kwenye sehemu ya pengo kati ya ndege mbili, hapo chini.

Katika masafa ya kati, hata hivyo, asidhani kuwa safari isiyotua ni ghali siku zote. Yapo mashirika ya bei nafuu yanayoruka mbali bila kutua, kama vile Scoot, ZIPAIR, French bee na Norse Atlantic, na nauli zao za msingi zinaweza kuwa chini ya zile za kituo kimoja. Tatizo ni kwamba nauli hiyo ya msingi mara nyingi ni ya kiti tu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuzifanya nauli zifanane. Kwa kila tiketi, ongeza begi la kupakia ikiwa halimo, begi la mkononi ikiwa linalipiwa, chakula, uchaguzi wa kiti ikiwa mnasafiri wengi na mnataka kukaa pamoja, na ada ya kulipa kwa kadi pale inapotozwa. Kwa safari ya kituo kimoja, ongeza pia chakula cha uwanjani, viza ya kupita ikiwa inahitajika, na hoteli ikiwa utalala njiani. Usikisie. Fungua ukurasa wa malipo hadi hatua ya mwisho kabla ya kulipa, kwa sababu ndipo bei kamili inapojitokeza.

Kazi ya pili ni kuhesabu saa, nayo huwapotosha wengi, kwa kuwa saa zilizoandikwa kwenye tiketi ni za mahali ndege inapoondokea na inapofikia. Ukitoa moja kutoka kwa nyingine bila kurekebisha tofauti ya majira utapata jibu la uongo. Tumia muda wa jumla uliotajwa na mtandao wa kuuzia tiketi, na ikiwa karibu na saa ya kufika pameandikwa +1, elewa kwamba utafika kesho yake.

Kisha gawanya tofauti ya bei kwa saa za ziada. Tuseme tiketi ya moja kwa moja ni dola 900 na safari ni ya saa tisa na nusu, huku ya kituo kimoja ikiwa dola 690 kwa saa kumi na sita. Kwa haraka unaona umeokoa dola 210. Lakini ya pili haina begi, nalo ni dola 70, na utakula uwanjani kwa dola 20. Sasa tofauti ni dola 120 kwa saa sita na nusu za ziada, sawa na dola 18 na kitu kwa kila saa unayokubali kuipoteza. Ikiwa kituo chenyewe ni cha usiku na kinakulazimu kulipia chumba cha dola 60, malipo ya saa yako yanashuka hadi dola tisa hivi. Kila mtu atajua mwenyewe kama kiasi hicho kinamfaa. Familia ya watu wanne itaona tofauti hiyo ikizidishwa mara nne, na hapo hata saa saba za kusubiri zinaweza kuwa biashara nzuri. Mtu mmoja anayekwenda kazini na kutakiwa ofisini asubuhi inayofuata ataiona kuwa hasara.

Hesabu ikiipendelea safari ya kituo kimoja, lichunguze pengo kati ya ndege mbili. Kila uwanja una muda wa chini kabisa wa kuunganisha ndege ambao mifumo ya kuuzia tiketi huuzingatia. Frankfurt, kwa mfano, umekuwa dakika 45, na Vienna dakika 25. Muda huo unawezekana, lakini haimaanishi kwamba unatosha. Fikiria pengo la dakika 60. Ndege imegusa ardhi kwa wakati, inatembea kuelekea mahali pake kwa dakika kumi. Wewe umekaa nyuma, na walio mbele wanashusha mabegi mmoja baada ya mwingine, zinapita dakika kumi na tano nyingine. Mbele yako kuna foleni ya ukaguzi wa usalama, na lango la ndege ya pili hufungwa kabla ya saa ya kuondoka iliyoandikwa. Kilichobaki ni dakika chache tu, nazo ni za mtu anayejua njia. Mimi hupenda pengo la saa mbili hadi nne. Chini ya saa moja na nusu nalikubali kwa sharti moja, kwamba baada ya ndege ninayoiwahi kuna nyingine ya shirika hilo hilo siku ile ile. Kuiwahi ndege ya mwisho ya siku kwa pengo dogo ni kujiandalia kulala kwenye viti vya uwanja.

Hapa ndipo linapoingia lile swali la nani anabeba gharama. Tiketi ya kituo kimoja inaweza kuwa tiketi moja yenye namba moja ya kuhifadhi nafasi kwa safari nzima, au inaweza kuwa tiketi mbili za mashirika yasiyofahamiana, zilizowekwa pamoja na muuzaji, au na wewe mwenyewe, ili bei ishuke. Katika tiketi moja, shirika lina wajibu wa kukufikisha mwisho wa safari: ukikosa ndege ya pili kwa kuchelewa kwa ya kwanza, utapewa nafasi katika ndege inayofuata bila malipo mengine. Katika tiketi mbili, shirika la pili litakuhesabu kuwa abiria ambaye hakutokea, na kwa kawaida litafuta hata sehemu ya kurudi iliyo ndani ya tiketi hiyo. Baadhi ya wauzaji huahidi kukusaidia likitokea hilo. Ahadi hiyo ni yao, si ya shirika la ndege, na masharti yake husomwa kabla ya kulipa. Tiketi mbili zinaweza kufaa pale unapotaka kukaa siku nzima au mbili kwenye mji wa katikati. Kwa pengo la saa tatu, punguzo lake ni mtego.

Sheria nazo humpendelea mwenye tiketi moja. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 humpa fidia abiria aliyecheleweshwa anayeondoka katika uwanja wa nchi za Umoja huo kwa shirika lolote, au anayekwenda huko kwa shirika la nchi za Umoja huo. Mwaka 2013 Mahakama ya Haki ya Umoja huo iliamua kwamba kwa safari ya kuunganisha, ucheleweshaji hupimwa pale safari inapoishia. Kwa hiyo kuchelewa kidogo kwa ndege ya kwanza, kukikufanya uikose ya pili na ufike saa tatu au zaidi baada ya wakati, kunaweza kukupatia fidia, hadi euro 600 kwa masafa yanayozidi kilomita 3,500, isipokuwa chanzo kiwe ni mambo yaliyo nje ya uwezo wa shirika. Hayo ni kwa safari iliyohifadhiwa kwa pamoja. Mwenye tiketi mbili hana dai la namna hiyo.

Viza ni jambo jingine linaloweza kuifuta faida yote kwa mara moja. Nchini Marekani, abiria anayepita tu kwa kawaida huingia rasmi: hupita uhamiaji, hivyo huhitaji viza au kibali cha kusafiri cha mtandaoni kiitwacho ESTA, na huchukua mabegi yake kisha kuyakabidhi upya. Uingereza, Kanada na nchi za Schengen (nchi za Ulaya zenye utaratibu mmoja wa mipaka) hudai viza ya kupita kwa raia wa baadhi ya nchi, hata kama hawatoki nje ya uwanja. Tena, mwenye tiketi mbili ambaye begi lake haliendi hadi mwisho hulazimika kutoka kulichukua, na kutoka huko ni kuingia nchini, hata pale ambapo mwenye tiketi moja angepita bila viza. Sharti hili liangalie kwa pasipoti unayosafiria, kwenye tovuti ya serikali ya nchi ya kituo, kabla hujalinganisha dola na dola.

Tazama pia herufi tatu zinazotambulisha kila uwanja kwenye tiketi. Kufika Tokyo kupitia NRT (Narita) na kuondoka kupitia HND (Haneda), au kufika London LHR (Heathrow) na kuondoka LGW (Gatwick), ni kusafiri kwa basi au treni katikati ya safari, pamoja na mabegi. Mitandao mingi huonyesha jambo hilo kwa maandishi madogo. Na ukinunua manukato au kinywaji kwenye duka lisilotoza ushuru uwanja wa kwanza, kiache ndani ya mfuko wake uliofungwa kwa lakiri, pamoja na risiti, la sivyo kinaweza kubaki kwenye ukaguzi wa kituo.

Kituo kirefu si lazima kiwe adhabu. Turkish Airlines na Ethiopian Airlines zimekuwa zikiwapa hoteli baadhi ya abiria wenye kituo kirefu, na uwanja wa Changi huandaa ziara za mji bila malipo kwa wanaopita Singapore. Masharti hutofautiana kwa aina ya tiketi, kwa hiyo uliza kabla ya kununua. Mwili nao hufaidika kwa kutembea: utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kuwa hatari ya damu kuganda katika mishipa huongezeka takriban maradufu baada ya safari ya saa nne au zaidi ya kukaa bila kujisogeza, ingawa kwa mtu mwenye afya hatari hiyo hubaki ndogo. Kwa upande wa pili, mzee anayetembea kwa shida, mama mwenye mtoto mchanga na mtu anayesafiri kwa mara ya kwanza peke yake wananufaika zaidi na ndege isiyotua, na kwao ningelipa tofauti hiyo bila kupiga hesabu ya saa.

Kabla ya kulipa, hakikisha kwamba hiyo inayoitwa ya moja kwa moja haitui kweli, kwa kuwa safari yenye namba moja ya ndege inaweza kutua njiani na kupakia abiria wengine. Sehemu ya maelezo ya safari hutaja idadi ya vituo. Angalia pia tarehe kwa makini, maana ndege nyingi za masafa marefu huondoka baada ya saa sita za usiku. Tiketi inayosema tarehe 14, saa 00:40, ni ya usiku unaoanza jioni ya tarehe 13, na msafiri anatakiwa awe uwanjani tarehe 13 saa tatu au saa nne za usiku.