Umepata pawaso (msumeno wa injini) ya zamani wataka kuifanya kali? Soma hii kwanza kabla hujawasha grainda

Mwezi huu pekee nimeulizwa na watu watatu swali hilohilo, ati "kaka nimeachiwa Stihl 070 na mzee, nataka iwe kali kushinda zote hapa mtaani, nianzie wapi", na ukimsikiza vizuri wajua tayari mkono mmoja umeshika grainda. Iweke chini kwanza hiyo grainda. Hizi kazi nazifanyia nyuma ya nyumba huku Mikindani, Mombasa, kibanda cha mabati, meza moja na jiriwa moja, na silinda ya kwanza niliyoiua sikuiua kwa kukata magogo, niliiua mezani hapo kwa kusaga kabla ya kupima. Nitaieleza mbele.

La kwanza jiulize hiyo mashine yenda kufanya kazi gani, maana "kali" ya kuangusha minazi na "kali" ya kupasua gogo la mwembe liwe mbao si kitu kimoja. Wengi huku Pwani wanaangukia Stihl 070 kwa sababu ndiyo iliyozoeleka na spea zake zapatikana, na ukoo wake ni wa zamani kweli, babu yake ni ile Contra ya Ujerumani iliyotoka 1959. Kipenyo cha silinda yake ni milimita 58 kwa pistoni kutembea 40, ndiyo yakupa zile cc 106. Ndugu yake 090 ana krenki ya mwendo uleule wa 40 lakini silinda ni 66, yafika 137, na ndio maana utasikia mafundi wanaongea kuhusu kupandisha silinda ya 090 juu ya mwili wa 070. Hizi ni mashine za torki. Hazizunguki sana, zinavuta. Ukitaka ya kulia kama pikipiki ya mashindano tafuta Husqvarna 288 au Stihl 064, nyepesi na zapenda mizunguko, usiitese 070 kwa jambo ambalo halikuwa lake.

Halafu ujue kama uliyonayo ni ya Mjerumani au ni kopi ya Mchina, maana kopi za 070 zimejaa tele. Mimi sizidharau, nyingine zinakata kuni mwaka wa tatu huu, lakini usilipe bei ya orijino kwa kopi iliyopigwa rangi upya, na usichanganye spea kiholela ukadhani kila kitu kitakaa sawa kwa sababu tundu za bolti zimelingana.

Kabla ya kutoa pesa kagua. Toa mafla utazame pistoni kupitia tundu la ekzosi, ukiona mikwaruzo ya wima jua ilishawahi kujam. Pima kompresheni kwa geji, uvute kamba mpaka sindano iache kupanda: ikifika 150 psi hapo una injini, chini ya 110 hivi una kazi. Shika flaiwili, lile gurudumu zito kwenye ncha ya krenki, uitikise juu na chini, ikicheza beringi za krenki zimekwisha. Na kwa sisi wa karibu na bahari kuna jambo ambalo video za Wazungu hazitakuonya sana, mwili wa hizi pawaso ni magnesi, na magnesi na chumvi haziwezani kabisa. Mashine iliyolala miaka kumi kwa banda la Likoni yaweza kuwa nzuri kwa macho lakini ukitoa tangi unakuta unga mweupe na vishimo pale gasketi inapokalia. Chokonoa hapo na bisibisi kabla hujakubaliana bei, hata muuzaji akikununia.

Jambo jingine lataka herufi kubwa: USIPELEKE SILINDA KUBORIWA, yaani kuchongwa ndani ipanuke. Fundi wa bodaboda ni ndugu yetu, na yeye kila siku anabora silinda zenye chuma ndani, kwa hiyo ukimpelekea atakwambia hakuna shida. Silinda ya pawaso ni aluminiamu iliyopakwa kromu au nikeli ngumu kwa ndani, ngozi nyembamba sana, ukiibora umetoa ngozi yote na pistoni yabaki kusugua aluminiamu laini. Mara nyingi ile michirizi unayoona ni aluminiamu ya pistoni iliyoganda juu ya ngozi hiyo, yatoka kwa msasa na subira, au, kama ngozi ni nikeli si kromu, kwa asidi ukipaka kwa kijiti cha pamba taratibu, na asidi ikitoka pembeni ikagusa aluminiamu tupu yaanza kuchemka palepale kwa hiyo vaa glavu, vaa miwani, ukae nje kwenye upepo. Ukisafisha ukakuta ngozi yenyewe imebanduka, nunua silinda nyingine. Hakuna ujanja hapo.

Spea nunua kabla ya kufungua, si baada. Sili za krenki mbili, gasketi seti nzima, ringi, vifaa vya kabureta maana ule mpira wake hukauka, mpira wa bomba la petroli, plagi, na beringi kama zilicheza. Kuna duka moja mjini liliwahi kuniuzia sili ambazo kipenyo cha nje kilikuwa sawa lakini cha ndani kikubwa kuliko krenki yangu, nikafunga mashine nzima ndio nikagundua, tena nikaambiwa haurudishi kitu kilichofunguliwa pakiti. Tangu hapo nikienda nabeba vernia, kile kipimo cha vipenyo, mfukoni kama kalamu, napima kwa kaunta huku muuzaji ananitazama.

Mahali pa kazi. Sihitaji kukwambia uwe na spana. Ila vipo vitu ambavyo watu huvikosa wakaanza kutumia nyundo: pula ya flaiwili, maana ukiigonga yapasuka au yapinda ncha ya krenki, na kipande cha kamba ya kutia ndani ya silinda kupitia tundu la plagi ili pistoni isimame uweze kufungua klachi. Usitie bisibisi ikiwa kizuizi, yatoboa kichwa cha pistoni. Na klachi ya pawaso nyingi yafunguka kinyume, wazungusha kulia ndio yalegea, nimeona mtu mzima amening'inia kwa spana anakaza badala ya kulegeza mpaka ikakatika. Fila geji, vile vibamba vya kupimia nafasi ndogo, uwe nayo. Chupa za kutenga skrubu uwe nazo, na uandike.

Moto ndio huniogopesha kuliko yote. Ukisaga mwili wa magnesi ule unga wake na vipande vyembamba vyashika moto, na vikishika usimwage maji, maji yanauchochea. Mchanga mkavu ndoo nzima iwe karibu. Mkavu nimesema, si ule umechota Bamburi jana ukiwa umelowa. Unga wa magnesi ufagie kila ukimaliza, usiuache uchanganyike na cheche za grainda, na petroli ikae mbali na jiko la makaa la mama watoto, mbali kweli, si nyuma ya pazia. Na jirani mwambie. Mashine hii ikiwaka inapita desibeli 100, ukiijaribu wakati wa adhana au mtoto wa watu kalala usishangae ukipelekewa mzee wa mtaa.

Sasa kupima. Hapa ndipo ile silinda yangu ilipofia. Nilikuwa nimeona kwa video jamaa anapanua tundu la ekzosi, nikasema hii mbona rahisi, nikapanua mpaka nikaridhika. Nilichokuwa sijakitazama ni vile vipini vidogo kwenye pistoni vinavyozuia ringi isizunguke. Zile ncha mbili za ringi hukutana hapo kwenye kipini, na kipini hukaa mahali ambapo hapapiti juu ya tundu lolote. Mimi nilipanua tundu mpaka likafika njia ya kipini. Dakika mbili za kuwaka, ncha ya ringi ikachungulia nje ya tundu, ikanasa, kwisha, ringi vipande, silinda ina mfereji. Kwa hiyo kabla ya kusaga rudisha pistoni ndani bila ringi, chora kwa kalamu ya wino mahali vipini vinapopita na mahali sketi ya pistoni, ile sehemu yake ya chini, inapoishia, maana sketi nayo lazima izibe tundu lote pistoni ikiwa juu. Upana wa ekzosi watu wengi hawapiti asilimia 65 hivi ya kipenyo, kwa silinda ya 58 ni karibu milimita 38, na hiyo ni kama pistoni yako yaruhusu. Ukimaliza kingo zote zilainishe kidogo, kona kali hula ringi.

Pima pia nafasi iliyobaki kati ya pistoni na kichwa. Chukua waya laini wa kulehemu redio, uingize kwa tundu la plagi mpaka uguse ukuta upande wa pini ya pistoni, zungusha mara moja, toa, pima pale ulipobanwa. Mashine za zamani mara nyingi zina nafasi kubwa, na ukiishusha mpaka nusu milimita hivi, kwa gasketi nyembamba ya chini au kwa kukereza kitako cha silinda, kompresheni yapanda vizuri bila kusaga tundu hata moja. Lakini kumbuka ukishusha silinda umeshusha na matundu yake yote, ekzosi sasa yafunguka kwa kuchelewa, na ya kuingiza nayo imebadilika. Ndio maana wataka bamba la digrii, bandika karatasi ya nyuzi 360 juu ya sidii ya zamani, ifunge kwa krenki, uandike ekzosi yafunguka wapi kabla hujagusa kitu. Ikiwa karibu na nyuzi 100 baada ya pistoni kutoka juu, kwa kazi ya mbao iache hapo, panua pembeni usipandishe juu. Ukiipandisha sana utapata mashine inayopiga kelele hewani na kufa ikiingia kwa mwembe.

Mafla ifungue kidogo ipumue, nafuu ya haraka na haina majuto mengi. Gavana la kabureta, lile linaloizuia 070 isizidishe mizunguko, najua unataka kulitoa. Subiri. Fimbo ya pistoni na beringi za mashine ya miaka hamsini hazikujui wewe.

Ukishafunga, kabla ya petroli, ziba ekzosi na mdomo wa kabureta kwa mpira, tia hewa ya shinikizo la nusu ba (bar) kwa pampu ndogo, paka sabuni kwenye sili na gasketi utafute mapovu. Inayovuja inavuta hewa ya ziada, mchanganyiko unakuwa mkavu, na mkavu ndio unaojamisha. Hatua hii watu huiruka kwa hamu ya kusikia sauti. Mafuta nayo, vitabu vya zamani vilitaka 25 kwa 1, mililita 200 kwa lita 5, siku hizi kwa oili nzuri ya tustroku mimi naweka 32 kwa 1, kama mililita 156, na kwa joto letu sioni sababu ya kubana zaidi. Tuni ikiwa na utajiri kidogo wa petroli, ikiachiwa bila mzigo iwe yapiga kwa kugugumia, ikiingia mtini sauti inyooke. Ikiwa inalia safi kabisa hewani jua tayari ni kavu.

Ukiwa umeiongezea nguvu kumbuka nyingi ya hizi zimetoka kabla breki ya mnyororo haijawa jambo la kawaida. Ikirusha baa nyuma hakuna kitakachoisimamisha isipokuwa wewe, kwa hiyo kofia yenye wavu, masikio yazibwe, buti, suruali ya kukingia, na usikate kwa ncha ya baa. Saa mbili za mtetemo wa 070 mikono inakufa ganzi, pumzika. Mnyororo tafuta unaolingana na gia na baa yako, na ukijua wenda kwa minazi beba tupa mbili, ule ukuta wa nje wa mnazi unatafuna makali.

Kama mti si wako, au uko msitu wa serikali, au ni mikoko, au ni kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, usisogee na mashine hiyo bila ruhusa ya watu wa misitu na ya wazee. Uliza kwanza, hata kama mwenye kazi anakuapia.

Na siku ya kwanza ya gogo beba kamba ya kuwashia ya akiba, mbili ikiwezekana. Kompresheni uliyoipandisha kwa raha yako inarudisha mkono kwa hasira, na kamba ndio hukatika mwanzo. Ikikukatikia huko Kisauni ndani utarudi kwa matatu saa nane mchana na kilo kumi na tano begani, konda anakutoza viti viwili.