Vipimo Vinavyosomeka Pamoja: Kuandaa Mpango wa Pamoja wa Kupima Ubora wa Maji katika Bonde la Mto

Mabonde mengi ya mito hayakosi vipimo. Yanachokosa ni vipimo vinavyoweza kuwekwa kwenye jedwali moja. Mamlaka ya maji ina takwimu zake, kiwanda kina zake, chama cha wakulima na shule ya jirani nao wana za kwao. Kila mmoja amepima saa yake na kwa kifaa chake. Zikiunganishwa, hakuna anayeweza kusema kama tofauti kati ya kituo cha juu na cha chini imeletwa na uchafu au na mikono ya wapimaji. Mpango wa pamoja upo kwa ajili ya kuondoa shaka hiyo.

Swali kwanza, na watu wa kulijibu

Kikao cha kwanza kisizungumzie vifaa. Kitoke na swali moja au mawili yanayojibika. "Hali ya mto ikoje?" halijibiki. "Je, nitrati (kemikali ya mbolea na kinyesi) inayofika kwenye chanzo cha maji ya kunywa inaongezeka mwaka hadi mwaka?" linajibika, na lenyewe linakuambia la kufanya: vituo vichache visivyohamishwa, vinavyopimwa kila mwezi kwa miaka kadhaa. Swali likiwa ni nani anachafua, mnahitaji vituo viwili viwili, kimoja juu na kimoja chini ya kila mahali panaposhukiwa, vinavyopimwa siku ileile. Likiwa ni usalama wa wanaooga mtoni, mnahitaji kupima E. coli, bakteria wa kinyesi, kila wiki na mambo mengine machache tu.

Waalikeni tangu mwanzo hata wanaoshukiwa kuchafua. Mwenye kiwanda aliyekubali njia ya kupima kabla ya matokeo hana pa kushika atakapotaka kuyakataa. Akiletwa baadaye, mjadala wote utakuwa juu ya chupa na tarehe, si juu ya maji yake. Mchango wake wa fedha uingie kwenye mfuko wa pamoja, wala usimpe haki ya kuchagua vituo au maabara.

Makubaliano yaandikwe, kurasa mbili au tatu zinatosha: nani anapima wapi, nani analipia maabara, matokeo yanawafikia wanachama wote kwa pamoja ndani ya siku ngapi, na lini yanatolewa kwa umma. Andikeni wazi kwamba hakuna mwanachama anayeweza kuzuia matokeo ya kituo chake. Mratibu awe mmoja, mwenye saa za kazi zilizolipiwa. Mratibu wa kujitolea hushindwa katika mwezi wa nne au wa tano, pale fomu zinapoanza kurundikana.

Vituo: vichache, mahali sahihi

Piga hesabu kabla ya kuchora ramani. Vituo 12 kwa miezi 12 ni seti 144 za sampuli. Ongeza sampuli pacha (ya pili inayochukuliwa mahali na wakati uleule) kwa kiwango cha asilimia 10, yaani 15, na sampuli tupu (maji safi ya maabara yaliyosafiri na kufunguliwa mtoni) moja kwa kila safari ya mwezi, yaani 12. Jumla ni 171. Kama fedha haitoshi kulipia 171, punguzeni vituo, msiguse pacha na tupu. Mpango wa vituo 8 unaoaminika una faida kuliko wa 30 unaobishiwa.

Weka kituo karibu na mwisho wa kila kijito kikubwa kabla hakijaungana na mto, kimoja juu kabisa penye maji yasiyoguswa sana ili kuwe na cha kulinganishia, na kimoja penye kipimo cha mtiririko kama kipo. Usiweke kituo mara tu baada ya vijito kuungana, kwani maji ya mito miwili huweza kusafiri bega kwa bega umbali mrefu bila kuchanganyika. Kujua kama yamechanganyika ni rahisi: pima uwezo wa maji kupitisha umeme katika sehemu tano kutoka ukingo hadi ukingo. Tofauti ikizidi asilimia 10, shuka chini zaidi.

Daraja ni rafiki wa mpimaji wakati wa mafuriko, ila chukua sampuli upande wa juu wa mto, yasije yakaingia maji yaliyoosha barabara. Kila kituo kipewe namba, alama za GPS na picha inayoonyesha pale hasa mtu anaposimama.

Cha kupima

Kiini kinachofaa karibu kila bonde ni halijoto, pH (kiasi cha asidi au alkali, 7 ikiwa katikati), oksijeni iliyoyeyuka, upitishaji umeme, nitrojeni na fosforasi. Ukiacha halijoto, ndivyo vinavyotumika kwa mito katika kiashiria 6.3.2 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu, ambako maji huhesabiwa kuwa mazuri pale asilimia 80 ya vipimo au zaidi inapofikia viwango vilivyowekwa. Ongezeni ukungu wa maji (jinsi tope linavyoyafifisha) kama tatizo ni mmomonyoko, E. coli kama watu wanayagusa au kuyanywa, na metali kama juu kuna machimbo. Dawa za kuulia wadudu ni ghali kupima. Ziacheni mpaka muwe na sababu inayotajika.

Hapa ndipo mipango mingi inapovunjika kimyakimya, kwenye vizio. Maabara moja huandika nitrati kama NO₃, nyingine kama nitrojeni iliyomo ndani yake, NO₃-N. Ya kwanza ni kubwa mara 4.43. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa, miligramu 50 kwa lita, ni cha NO₃, na kikiandikwa kwa nitrojeni ni kama 11.3 tu. Kijito chenye 12 kinaweza kuwa salama au kuvuka kikomo kutegemea herufi iliyosahaulika. Chagueni kizio kimoja na kiandikwe ndani ya jina la safu ya jedwali.

Vivyo hivyo kwa chumvi zilizoyeyuka. Vifaa vingi vya mkononi havizipimi. Hupima upitishaji umeme, kisha huzidisha kwa namba ya kati ya 0.5 na 0.7 aliyoichagua mtengenezaji. Andikeni upitishaji umeme wenyewe, kwa µS/cm (mikrosimensi kwa sentimita), uliosahihishwa hadi nyuzi 25. Bila usahihisho huo, kila nyuzi moja ya joto hubadilisha jibu kwa karibu asilimia 2.

Saa na siku

Oksijeni hupungua usiku mimea ya majini inapopumua bila kuizalisha. Huwa chini kabisa kabla ya mapambazuko na hupanda hadi alasiri. Kundi moja likipima saa 1 asubuhi na jingine saa 8 mchana, ramani yenu itaonyesha jua na si uchafu. Kila kituo kipewe dirisha la saa moja na nusu ambalo halibadiliki. Fomu itumie saa za tarakimu nne, 07:15, kwa sababu "saa 1 na robo" ya mpimaji huingia kwenye kompyuta ya mtu mwingine kama 01:15.

Safari za kila mwezi pekee huikosa mvua, na sehemu kubwa ya fosforasi na udongo husafiri katika siku chache za mafuriko. Tengeni safari tatu au nne kwa mwaka za kwenda mvua kubwa inaponyesha, lakini takwimu zake zipewe alama yake ili zisipotoshe wastani wa kawaida.

Mtoni

Asubuhi kabla ya kuondoka, sahihisheni vifaa kwa miyeyusho ambayo thamani yake inajulikana: pH kwa miyeyusho ya 7.00 na 4.01 au 10.01, kutegemea maji yenu yako upande gani, na upitishaji umeme kwa myeyusho wa 1413 µS/cm. Kifaa cha oksijeni kisahihishwe pale mnapopimia, si ofisini, maana mwinuko hubadilisha jibu: maji ya nyuzi 25 hushika hadi miligramu 8.3 kwa lita usawa wa bahari, na karibu 7 tu kwenye mita 1,500. Mkirudi, kifaa cha pH kipimeni tena kwenye myeyusho uleule. Kikiwa kimehama zaidi ya 0.2 za pH, vipimo vya pH vya siku hiyo vipewe alama ya shaka.

Simama ukitazama mto unakotoka, mkono mbele yako, ili tope linalotibuliwa na miguu yako liende nyuma. Zamisha chupa ikiwa imeinama hadi sentimita 20 au 30, katikati ya mkondo. Suuza mara tatu kwa maji ya mto, isipokuwa chupa ya bakteria iliyotakaswa na ile iliyotiwa asidi. Hizo hazisuuzwi.

Chupa zenyewe zipangwe hivi:

- Nitrojeni na fosforasi yote: plastiki, asidi ya salfuri hadi pH chini ya 2, baridi ya nyuzi 4, hudumu siku 28. Bila asidi, nitrati ipimwe ndani ya saa 48.
- Fosfeti iliyoyeyuka (umbo mojawapo la fosforasi): ichujwe papo hapo kwa kichujio cha mikromita 0.45, bila asidi, saa 48.
- Metali: asidi ya nitriki hadi pH chini ya 2, miezi 6. Mkitaka zilizoyeyuka tu, chujeni kabla ya kutia asidi, kwani asidi huyeyusha zilizoshikamana na udongo.
- E. coli: chupa iliyotakaswa, barafu, ifike maabara ndani ya saa 6. Saa 24 ni ukomo wa kulazimika.

Tumieni vifuniko vya rangi tofauti. Tone la asidi ya nitriki likiingia kwenye chupa ya nitrati, mtatangaza uchafuzi ambao haupo. Sabuni yenye fosfeti ikioshea chupa hufanya vivyo hivyo kwa fosforasi. Chupa zifungwe ndani ya mfuko kabla ya kulazwa kwenye barafu, maji ya barafu yasipenye.

Andikeni pia kina cha maji, mvua ya saa 48 zilizopita na mtiririko. Pasipo na kituo cha mtiririko, pima mita 10 za mto ulionyooka, tupa kitu kinachoelea katikati, hesabu sekunde mara tatu. Kasi zidisha kwa upana na kina cha wastani, kisha kwa 0.85, kwa kuwa juu maji hukimbia kuliko chini. Mtiririko ndio unaofanya vijito vilinganike: miligramu kwa lita, mara mita za ujazo kwa sekunde, mara 86.4, ni kilo kwa siku. Kijito chenye miligramu 2 na mita za ujazo 5 kinabeba kilo 864. Chenye miligramu 10 na mita za ujazo 0.1 kinabeba 86.4 tu, ingawa ndicho kitakachopigiwa kelele.

Kupima wapimaji

Mara mbili kwa mwaka, leteni makundi yote kwenye ndoo moja. Kila kundi lipime bila kuona jibu la wenzake. Upitishaji umeme ukipishana zaidi ya asilimia 5, au oksijeni zaidi ya miligramu 0.5 kwa lita, tafuteni sababu siku hiyohiyo. Mara nyingi ni myeyusho uliokwisha muda au elektrodi (ncha ya kifaa inayopima) iliyokauka. Kama mna maabara zaidi ya moja, gawanyeni sampuli moja na kuipeleka kwa zote bila kueleza. Nchi za bonde la mto Danube, Ulaya, pamoja na vituo vyao vya kudumu, zilifanya safari za pamoja za kupima mto mwaka 2001, 2007, 2013 na 2019, ili njia zilezile zitumike kutoka nchi hadi nchi.

Sampuli pacha zikipishana zaidi ya asilimia 20, rudini kwenye njia ya kuchukua sampuli. Sampuli tupu ikionyesha nitrati, tatizo liko kwenye chupa zenu.

Jedwali

Safu moja kwa kipimo kimoja, namba ya kituo, tarehe, njia, kizio, alama ya ubora. Kisichofikia uwezo wa kifaa kiandikwe "<0.05", kamwe si 0. Kipimo kibaya hakifutwi, hupewa alama na sababu. Vijikaratasi vya kupimia vya wanafunzi, vinavyobadilika rangi, vina nafasi yake, ya kuonyesha pa kutazama, lakini vikae kwenye safu yao. Mkibadilisha njia au maabara, endesheni zote mbili sambamba kwa angalau miezi sita, la sivyo mtaona "mabadiliko ya mto" yaliyoanza siku ile mliyobadilisha.

Wekeni pia kizingiti cha dharura kisichosubiri mwisho wa mwezi: oksijeni chini ya miligramu 2, samaki waliokufa, pH chini ya 5 au juu ya 9.5. Aliye mtoni apige simu kabla hajaondoka, kwanza kwa wenye mitambo ya maji ya kunywa walio chini yake, kisha kwa mratibu, na abaki na chupa mbili za akiba kwenye barafu.

Mwisho wa mwaka vituo vingine vitaonekana havisemi kitu kipya. Viondoeni, ila namba ya kituo kilichoondolewa isipewe kingine.