Kupika chembe nano za dhahabu labu: rangi ndo itakwambia kama umepatia

Ule mstari mwekundu kwenye vipimo vingi vya malaria na vya mimba ni dhahabu, yani ni chembe ndogo mno za makumi ya nanomita (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) na kwa udogo huo rangi yake si ya njano tena ni nyekundu kama juisi ya rozela. Njia ya kuzipika ni ya zamani, mwanakemia Turkevich na wenzake waliieleza 1951, afu 1973 mwanasayansi Frens akaonyesha jinsi ya kuchezea saizi.

Kazi kubwa ni usafi, sio upishi. Bika ioshwe kwa maji ya mfalme (asidi ya haidrokloriki 3 kwa nitriki 1), ndani ya kabati la kuvuta hewa, glavu na miwani juu, na usije ukafunika chupa yake maana gesi itaipasua. Kisha suuza sana kwa maji safi ya labu, ya bomba hapana. Kijiko cha chuma usiguse nacho chumvi ya dhahabu, mi nilishawahi, nikaambulia tope jeusi na hela ya watu ikaenda na maji.

Sasa chukua mL 50 za asidi ya kloroauriki (ndo ile chumvi ya dhahabu) 0.01%, chemsha huku sumaku inakoroga, ikitokota vizuri mwaga mL 1 ya sodiamu sitireti 1% kwa mkupuo mmoja, usidondoshe dondoshe. Njano inapotea, inakuja kama bluu ya moshi, unaanza kuogopa umeharibu, mara nyekundu hiyo! Acha ichemke dakika chache tena afu ipoe. Hapo una chembe za kama nanomita 16, na spektrofotomita (kifaa cha kupima mwanga unaofyonzwa) itakupa kilele karibu na nm 520. Ukipunguza sitireti hadi mL 0.5 zinakua mpaka kama nanomita 41.

Ukitaka kubandika kingamwili kwenye chembe hizo, panga kwanza pH kwa potasiamu kaboneti, iwe juu kidogo ya pI ya kingamwili yako (pH ambayo chaji zake zinalingana), afu weka viwango tofauti vya kingamwili kwenye vichupa vyenye chembe zako na uongeze chumvi ya kawaida. Kichupa kikigeuka bluu ujue kingamwili haikutosha, chembe zimegandana. Kile chenye kingamwili kidogo zaidi kilichobaki chekundu ndo kipimo chako, ongeza kidogo juu yake afu ziba nafasi zilizobaki kwa BSA (protini ya damu ya ng'ombe). Weka frijini kwenye chupa ya giza, friza hapana kabisa, zikiganda barafu hazirudi.