Kulinganisha magitaa ya besi na ampu: badilisha kitu kimoja kimoja

Nimepiga besi miaka mingi sasa na kosa ninaloliona kila mara ni lilelile, mtu anajaribu besi ya kwanza kwenye ampu hii, ya pili kwenye ampu ile, moja ina nyuzi mpya nyingine nyuzi zimechoka kabisa, alafu anasema hii ndo kali. Hapo hujalinganisha besi, umelinganisha nyuzi. Badilisha kitu kimoja tu, vingine vyote viache vilivyo.

Tuanze na besi zenyewe. Kabla hujachomeka waya piga kavu kwanza, bana gitaa kifuani usikie linavyotetema. Alafu tembea na uzi wa G (ule mwembamba kwenye besi ya nyuzi nne) freti moja moja, vile vyuma vya shingoni, taratibu, hasa freti ya 5 mpaka ya 7, kwenye besi nyingi kuna noti hapo inakufa haraka kuliko majirani zake, ukishika noti ikae wenzake wanadunda sekunde kadhaa yenyewe inazimika. Hiyo haiponi kwa kubadilisha nyuzi, ni mbao ya shingo yenyewe, kwahiyo ijue kabla hujatoa hela. Ivae na mkanda pia, achia mikono, uone kama shingo inainama kwenda chini, manake ikiinama mkono wa kushoto utakuwa unabeba gitaa shoo nzima badala ya kupiga.

Ukichomeka, toni zote za ampu weka katikati, kompresa (kile kinachosawazisha sauti kubwa na ndogo) zima, na VOLYUMU ziwe sawa kwa sikio. Hii watu wanaipuuza sana. Besi yenye betri kama StingRay ya Music Man, iliyotoka 1976 na priampu yake ndani (kikuza sauti kidogo), inatoa sauti kubwa kuliko Precision ya Fender isiyo na betri, na sikio likipewa sauti kubwa kidogo tu linaona ndo tamu zaidi. Shusha ile kubwa zilingane ndo uanze kuhukumu. (Na ukimaliza chomoa waya kwenye gitaa, ukiuacha betri inaendelea kuliwa.)

Precision ni ya 1951, ile pikapu yake (sumaku inayodaka mtetemo wa nyuzi) iliyokatwa vipande viwili ilikuja 1957, na kwangu mimi bado ndo kipimo, unapiga na inakaa kwenye bendi bila kubembeleza. Jazz Bass, nayo ya Fender, ya 1960, ina pikapu mbili na shingo nyembamba upande wa juu, kama milimita 38 hivi, vidole vifupi vinashukuru. Ukifungua pikapu zote mbili sawa inatulia, ukipunguza moja unasikia mvumo, sio mbovu hiyo, zile pikapu zimepangwa ziuane kelele zikiwa pamoja. Ya nyuzi 5 ipime kwa ule uzi wa B tu, unatetema hezi 31 (mara 31 kwa sekunde) wakati E ni 41, ukisikia matope noti hazitofautiani achana nayo, hata kama nyuzi nne zingine ni tamu.

Kwenye ampu geuza mambo, beba besi YAKO unayoijua na uijaribu kwenye zote. Usihangaike sana na wati, ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, yaani wati 600 sio mara mbili ya 300 kwa sikio. Spika ndo zinaongea. Ile ampu ya Ampeg SVT ya 1969 ilikuwa wati 300 tu lakini kabati lake lina spika 8 za inchi 10, ndo maana ilijaza kumbi kubwa. Angalia omu pia, yaani ukinzani wa spika, makabati mawili ya omu 8 yanakuwa 4, mawili ya 4 yanakuwa 2, na mimi nilishawahi kuunga mawili ya 4 kwenye ampu isiyotakiwa kushuka chini ya omu 4, wimbo wa pili ikajizima katikati ya koras. Ampu ya taa (ile ya valvu za kioo) ndo usiiwashe kabisa bila spika, transfoma yake inaweza kuungua.

Alafu kuna hili la kupima chumbani peke yako. Ukikata midi (sauti za kati) ukapandisha sauti za chini na trebo (za juu) sauti inakuwa tamu sana pale chumbani, ila dramu na gitaa zikiingia unapotea, mkono unaona unapiga lakini husikiki. Kwahiyo pandisha midi hata kama peke yake inasikika mbaya, washa muziki wenye dramu upige juu yake, na usisimame jirani na kabati manake linapigia magotini kwako, chukua waya mrefu urudi nyuma hatua nne tano.

Mwisho mpe mwenzako apige mstari uleule kwenye kila moja, wewe geuka ukutani, asikwambie ameshika ipi. Andika namba tu kwenye karatasi, na ndo ugeuke.