Usilipie hewa: namna ya kukata boksi linalolingana na mzigo wako

Nyie mnaotengeneza sabuni za mwani hapa Zanzibar, huko Paje, Jambiani, Bwejuu, na nyie wa viungo pia, hebu tupige hesabu kidogo maana watu wanalia na nauli za ndege wakati zaidi ya nusu ya wanacholipa ni hewa tu. Makampuni ya vifurushi vya ndege hayatizami mizani peke yake, wanapima urefu, upana na kimo kwa sentimita, wanazidisha, wanagawa kwa 5000 (huo ndo mgawo wa wengi, ila muulize wako), jibu linakuwa kilo. Halafu wanalilinganisha na kilo za mizani, iliyo kubwa ndo unayolipa, na mara nyingi wanapandisha mpaka nusu kilo inayofuata.

Chukua sabuni 24 za gramu 100, yaani kilo 2.4. Mtu anazitia kwenye boksi alilopewa dukani Darajani, 40 kwa 30 kwa 30, anashindilia magazeti, basi. Zidisha unapata 36,000, gawa kwa 5000 ni 7.2, unalipia kilo 7.5. Mzigo wenyewe na boksi lake haufiki hata kilo tatu na nusu!

Kwa hivyo anza na sabuni, boksi lije baadae. Na usipime sabuni mbichi wallahi, sabuni inayokaushwa wiki nne mpaka sita inapoteza maji na inasinyaa, ukikata boksi kwa kipimo cha siku uliyoitoa kwenye kalibu utakuja kukuta zinacheza ndani. Pima iliyokwisha kauka. Tuseme imekuwa 8 kwa 5.5 kwa 2.5. Zipange juu ya meza, mbili kwa tatu, tabaka nne, una fungu la 16 kwa 16.5 kwa 10. Zigeuzegeuze, jaribu kuzisimamisha, jaribu tabaka tatu, fungu linalokaribia umbo la dadu ndo linakula karatasi kidogo. Ongeza sentimita moja kila upande ya kujazia, ndani ya boksi inakuwa 18 kwa 18.5 kwa 12. Kwa nje na unene wa karatasi ni kama 19 kwa 19 kwa 13, ukigawa haifiki hata kilo moja, sasa unalipia uzito wa kweli, kilo tatu hivi. Vitu vya chupa sio sentimita moja, acha tatu mpaka tano, mafuta yakimwagika hasara yake inapita nauli uliyookoa.

Kukata: kipande kimoja tu cha karatasi ya boksi. Urefu wake ni pande zote nne zikijumlishwa, hapa 73, weka sentimita 3 za ulimi wa kugundishia na moja ya mikunjo, 77. Upana ni kimo pamoja na vifuniko vya juu na chini, kila kifuniko nusu ya upana wa boksi, yaani 12 na 9 na 9, jumla 30. Pale pa kukunja usikate, weka rula upitishe mgongo wa kisu, karatasi ibonyee tu. Na tizama ile mistari ya mawimbi iliyo ndani ya karatasi, isimame wima kutoka chini kwenda juu. Ikilala, boksi likiwekewa jengine juu linajikunja, na huko njiani litawekewa tu.

Sabuni moja moja haihitaji kiboksi chake, ukanda wa karatasi ya khaki wenye jina na viambato unatosha. Nailoni achana nayo, kwa joto letu hili sabuni inatoka jasho, na mifuko ya plastiki Zanzibar ilishapigwa marufuku tangu 2006, sasa ya nini kumpelekea mteja takataka. Cha kujazia ni mabaki yaleyale ya karatasi uliyokata. Makumbi na majani makavu yanapendeza kwenye picha, ila zipo nchi wakaguzi wa mimea wanauzuia mzigo kwa ajili ya hayo.

Wa viungo: mdalasini wa magome marefu ni hewa tupu, ukate vipande sawa, tuseme sentimita 8, kabla hujafikiria boksi. (Karafuu siigusi hapa, ile ina utaratibu wake na ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar.)

Usitengeneze saizi kumi. Angalia oda zako zilizopita, zinazojirudia zaidi zipe boksi mbili au tatu basi. Likishafungwa litikise karibu na sikio, ukisikia kitu kinagonga ongeza karatasi, halafu liangushe kutoka kiunoni kwa kona, kwa ukingo, kwa ubapa, lifungue utizame. Kwenda Dar kwa boti pale bandarini Malindi, Unguja, mara nyingi mnapatana bei kwa macho tu, lakini hata hapo boksi dogo lina sauti.

Maboksi yaliyobaki yaweke bapa bila kuyakunjua, juu ya mbao sio sakafuni, hasa masika, karatasi ikishanywa unyevu inalegea hata kama kwa macho inaonekana nzima.