Somo: Namna ya Kujua Kila Kifaa Tiba Kinachohamahama Kiko Wapi

Habari ndugu zangu. Pampu za dripu, monita, mashine za kufyonza makohozi, konsentreta za oksijeni, altrasaundi za magurudumu: hivi ndivyo vinavyotutoa jasho, maana asubuhi viko wodi ya watoto na jioni viko chumba cha dharura. Mgonjwa anazidiwa, muuguzi anakimbia huku na huko akitafuta mashine ambayo hospitali inayo.

Katika kazi yangu ya ufundi wa vifaa tiba nimejifunza kwamba vingi tunavyoviita vimepotea vimefichwa tu, tena na watu wema. Muuguzi aliyekosa pampu usiku mmoja, akiipata kesho yake hairudishi. Anaiweka kabatini kwa ajili ya mgonjwa wake ajaye. Kazi yetu ni kumpa sababu ya kuamini kwamba akiirudisha ataipata tena.

Hatua ya 1: Hesabuni vyote siku moja
Nendeni wawili wawili, wodi zote kwa wakati mmoja, ili kifaa kisihesabiwe mara mbili. Fungueni makabati, tazameni nyuma ya mapazia na chini ya ngazi. Andikeni aina, mtengenezaji, modeli, namba ya kiwandani, mahali na hali yake. Kubalianeni jina moja kwa kila aina. Majina mawili kwa kitu kimoja yanaharibu orodha nzima.

Hatua ya 2: Bandikeni lebo
Kila kifaa kipewe namba yake kwenye lebo. Msiweke jina la wodi ndani ya namba hiyo, kwa sababu kitahama na namba itabaki ikisema uongo. Lebo ikae kwenye mwili wa mashine, si kwenye kifuniko cha betri kinachoweza kubadilishwa, wala isizibe matundu ya hewa au namba ya kiwandani. Karatasi ya kawaida haimudu spiriti na klorini za kila siku. Tafuteni lebo ya plastiki yenye utando juu. Kando ya msimbo wa QR (ule mchoro wa miraba unaosomwa kwa kamera ya simu), namba isomeke kwa macho pia.

Hatua ya 3: Kipeni kila kifaa makao
Hapa ndipo penye uzito wote. Tengeni stoo moja ya pamoja, iliyo wazi saa 24, karibu na wodi zinazoazima zaidi. Iwe na upande wa vichafu na upande wa visafi, visichanganywe kamwe. Upande wa visafi uwe na soketi za kutosha, kwani pampu iliyokaa wiki nzima bila kuchajiwa haina msaada mgonjwa anapohamishwa. Wekeni kiwango cha chini kwa kila aina. Zikibaki mbili, mhusika wa zamu azunguke kukusanya zisizotumika kabla hazijaisha.

Kuandikisha kuchukua kusizidi sekunde chache: namba, wodi, saa. Mkidai sahihi tatu, watu watachukua bila kuandika, na sitawalaumu.

Hatua ya 4: Kadi za hali
Kijani, tayari. Njano, kinasubiri kusafishwa. Nyekundu, kibovu, kiende kwa fundi na maelezo ya kasoro. "Haifanyi kazi" peke yake haimsaidii fundi.

Hatua ya 5: Sasa teknolojia
QR inakuambia kifaa kilionekana wapi mara ya mwisho. Vitambulisho vya redio (RFID) visivyo na betri husomwa mita chache kutoka kwenye kisomeo, lakini chuma na maji huvisumbua. Vyenye betri, kama vya Bluetooth, hutoa ishara muda wote, ila mtu lazima abadilishe betri hizo.

MASWALI

Swali: Mwalimu, sisi ni kituo kidogo, vifaa havifiki hamsini. Tununue programu?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Lahajedwali moja, kama ya Excel, yenye msimamizi mmoja inatosha. Orodha yenye wasimamizi watano ndiyo inayokufa.

Swali: Kwa nini tusifunge GPS kama kwenye magari?
Jibu: Mawimbi ya setilaiti hufika yakiwa dhaifu mno ndani ya majengo. GPS inafaa kwa gari la wagonjwa, si kwa kujua pampu iko ghorofa ipi.

Swali: Nimesikia redio hizo zinaweza kuvuruga mashine. Ni kweli?
Jibu: Ni kweli, dada, usilipuuze. Mwaka 2008 watafiti wa Uholanzi walijaribu mifumo ya RFID karibu na vifaa 41 vya wagonjwa mahututi. Katika majaribio 123 walipata mivurugo 34, na 22 kati ya hiyo waliiona ya hatari. Majaribio hayakuwa na mgonjwa aliyeunganishwa. Fanyeni majaribio yenu vivyo hivyo kabla ya kufunga visomeo, hasa ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi.

Swali: Matroni wetu amekuta pampu kabatini, anataka kumwandikia muuguzi barua ya onyo. Ushauri?
Jibu: Mwombe asiiandike. Barua itawafundisha wengine kuficha vizuri zaidi. Amuulize huyo muuguzi ni usiku gani alikosa pampu na alihangaika kwa muda gani, kisha twende stoo tukaangalie zamu ya usiku huwa inabaki na ngapi.